Kufufua injini ya mvuke ya brasi na kuiwekea dikoda

Kama umepata injini ndogo ya mvuke ya brasi, yaani modeli ya treni, zile za HO za skeli ya 1:87 zilizotengenezwa Japani ama Korea, tafadhali usikimbilie rangi. Anza chini kwa magurudumu, juu ikikaa poa na chini imeganda bado utaifungua tu.

Toa bodi, kisha tenganisha mota na giaboksi, mara nyingi zimeshikanishwa na kapipe ka mpira ambako kashakauka, badilisha hako, ka silikoni ni poa zaidi. Grisi ya zamani huwa imekuwa gundi kabisa, isugue na mafuta taa na mswaki, pangusa, halafu weka mafuta tone moja tu kwa kila ekseli. Sasa isukume polepole kwa kidole juu ya reli, mota bado iko nje. Inafaa iteleze bila kusitasita. Ikikwama pahali pamoja kila mzunguko, angalia zile fito za pembeni zinazounganisha magurudumu, pengine moja imepinda, ama gurudumu limehama kwa ekseli na pande mbili hazijapishana digrii 90 tena. Usiilazimishe na nguvu ya mota, utatafuna gia na gia ya kufanana nayo kuipata ni shida.

Hapa kwa umeme ndio watu huchoma dikoda, yaani kale kasakiti kanakopokea amri za kidijitali kupitia reli na kuendesha mota. Hizi injini nyingi huokota umeme wa reli moja kupitia kwa injini yenyewe na ule wa reli ya pili kupitia tenda (lile behewa la makaa na maji nyuma yake), kumaanisha bodi yote iko na umeme, na zile mota za zamani za wazi huwa brashi moja (kale ka kaboni kanakopitisha umeme kwa mota) imegusana na fremu. Weka mita ya umeme kwa ile sehemu ya mlio, ncha moja kwa fremu, nyingine kwa brashi, kisha uende kwa brashi ya pili. Ikilia hata kwa moja, usiunge dikoda kwanza. Mimi ningeitoa tu hiyo mota niweke ndogo ya kisasa iliyofunikwa, kwa maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, huwezi kosa ya volti 12, lakini pima unene wa shafti kabla ulipe, na ile ya zamani uihifadhi kwa sababu watoza huulizia. Halafu ishike isizunguke sekunde moja hivi ikiwa kwa volti 12 usome ampea, dikoda nyingi za HO hubeba kama ampea 1, mota isipite hapo. Waya nyekundu na nyeusi zinaenda kwa reli, rangi ya chungwa na kijivu kwa mota.

Rangi sasa. Vanishi ya zamani inatoka na thina, fanyia nje penye hewa. Ndimu inasafisha brasi vizuri lakini ukiiacha humo muda mrefu inageuka waridi. Na kama unataka ile maruni ya East African Railways nenda makumbusho ya reli Nairobi uitazame injini 5918 Mount Gelai kwa macho, picha za simu hudanganya. Ila kama yako ni modeli ya injini ya Marekani wacha ibaki ya Marekani, maana HO ni upana wa milimita 16.5, hiyo ni SGR, reli yetu ya mita ingetaka 12.

Ukipaka, funika na tepu pale gurudumu linagusa reli na ile pini ya kushika tenda, umeme unapitia hapo.