Kutunza mbegu za fahali katika mtungi wa naitrojeni

Mbegu za fahali zilizogandishwa hukaa miaka mingi katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, bila kupoteza uwezo wake. Zinakoharibikia hasa ni shingoni mwa mtungi, mhudumu anapotafuta mrija, yaani kijibomba chembamba chenye mbegu. Zikipata joto kupita nyuzi 130 chini ya sifuri, chembe za barafu zilizomo huanza kukua na kuzipasua. Kuurudisha mrija kwenye naitrojeni hakuponyi madhara hayo, na kila uzembe huongeza madhara juu ya yale ya awali.

Kwa hiyo, andika daftarini mbegu za fahali yupi zimo katika kila kikombe, yaani chombo kinachobeba mirija ndani ya mtungi, kabla hujafungua kifuniko. Inua kikombe bila kukipitisha mstari wa jalidi ulio shingoni, uchukue mrija kwa kibano, wala si kwa vidole, na sekunde nane zikipita hujaupata, kishushe kipoe kwanza.

Pima naitrojeni kila wiki kwa kijiti safi kisicho na tundu, na ujaze kabla haijashuka chini ya sentimita 15. Ukiona jalidi nje ya mtungi, ujue utupu wa kuta zake umevuja, hivyo hamisha mbegu mara moja. Kifuniko kisizibwe kabisa, maana mvuke usipopata pa kutokea unaweza kuupasua mtungi. Vaa glavu kavu na miwani.

Anayenunua mbegu katika kituo cha KAGRC (Kenya Animal Genetic Resources Centre), Lower Kabete, Nairobi, aende na mtungi wake wenye naitrojeni. Chupa ya chai iliyojazwa barafu haifai, kwani barafu ya friji ni moto mkali kwa mbegu hizi. Mtungi usafirishwe wima, umefungwa kwa kamba nyuma ya pikapu. Usiuingize kwenye matatu, kwa sababu mvuke wake hufukuza hewa tunayovuta.

Wakati wa kupandisha, yeyusha mrija katika maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 40, uufute ukauke kabisa, kwani tone la maji huua mbegu, kisha uutumie ndani ya dakika 15. Asubuhi za Julai huko Kabete zina baridi kali, basi kipashe joto kifaa cha kupandishia kwa kukisugua. Mrija ulioyeyushwa haurudishwi mtungini, hata ikigundulika kwamba ng'ombe hakuwa kwenye joto.