Kuzima peji faili hakuifanyi kompyuta iwe nyepesi

Hapa Mtwara mjini ushauri huu umezagaa: kompyuta ikiwa nzito, zima peji faili, yaani faili la kwenye diski ambalo Windows hulitumia kuisaidia RAM (kumbukumbu ya kazi). Wanaoletwa kwangu baada ya kuufuata wengi wana mashine za RAM ya GB 4, ambazo ndizo zinazolihitaji zaidi. Pima kabla hujagusa.

Hatua ya 1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager itafunguka. Ingia Performance, halafu Memory, utafute Committed. Kuna namba mbili, mfano 5.2/7.9 GB. Ya kwanza ni kumbukumbu ambayo programu zimeahidiwa, hata kama hazijaitumia yote. Ya pili ni kikomo: RAM jumlisha peji faili. Sasa fungua kazi zako zote. Karani wa AMCOS (ushirika wa wakulima) msimu wa korosho afungue Excel ya stakabadhi za ghala, kivinjari na tabo zake, na WhatsApp. Namba ya kwanza ikikaribia ukubwa wa RAM yako, achana na habari ya kuzima. Ukilizima, kikomo kinashuka hadi RAM peke yake, na siku kitakapofikiwa Excel inaweza kufunga ghafla na mistari ambayo hukuisevu ikaenda nayo.

Hatua ya 2. Humo humo tazama Disk. Ikiganda kwenye 100% huku RAM imejaa, uzito umetoka hapo: vipande vya kumbukumbu (kurasa) vinahamishwa kwenda na kurudi kwenye diski ya kuzunguka (hard disk). Dawa ni kuongeza RAM au kuweka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Mwenye GB 32 anaweza kulizima asione tofauti yoyote. Basi alizime la nini?

Hatua ya 3, kwa ambaye tayari amezimiwa. Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, Enter. Fuata Advanced, Settings ya Performance, tena Advanced, kisha Change. Weka tiki kwenye "Automatically manage paging file size for all drives", OK, halafu restati. Windows hulitumia faili hilo pia kuhifadhi taarifa za skrini ya bluu (Windows inapoanguka ghafla), na fundi bila hizo anabahatisha.

Ikiwaka, namba ya pili ya Committed iwe imezidi RAM. Ikiwa imebaki palepale, kagua diski ya C. Ikijaa video za harusi, faili halina pa kukaa. Hamisha hizo kwanza.