Huzuni ya mjamzito isisubiri kujifungua
Mjamzito akikosa furaha, usingizi na hamu ya chakula kwa wiki 2 mfululizo, akawa hata barazani haendi tena kusuka ukili na wenzake, tafadhalini msiseme kwamba ni mimba tu au ana shetani, bali mfuatane naye kliniki na mumueleze mkunga waziwazi, kwa sababu hiyo huenda ikawa sonona, yaani maradhi ya huzuni kubwa isiyokwisha, na sonona isiyotibiwa huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa njiti au na uzito chini ya kilo 2.5, na baadaye kuchelewa katika ukuaji wa akili na hisia. Si kila mtoto atakayedhurika, na maradhi haya yanatibika, mara nyingi kwa ushauri nasaha bila ya dawa. Akitaja kujidhuru, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.