Ukichukua msaidizi wa kupiga picha harusini, anza na saa za kamera

Wapiga picha wenzangu, msaidizi mpya usimjaribu siku ya harusi yenyewe, mpeleke kwanza kwenye sendofu umwone anavyojipenyeza kwa watu bila kumziba mtu wa video. Halafu kitu wengi tunasahau, kabla hamjaachana asubuhi wekeni saa za kamera zote mbili ziwe sawa mpaka dakika, maana yeye atakuwa kwa bwana harusi wewe uko saluni na bibi harusi, sasa mkija kuchanganya picha kwenye kompyuta kama saa zimepishana utakuta keki inakatwa kabla watu hawajaingia kanisani, mimi hiyo ilinimalizia siku mbili nzima kupanga upya. Hela mkubaliane mapema na useme kabisa nauli ya usiku imo au haimo, ukumbi ukifungwa saa saba daladala utaitoa wapi. Memori kadi ziwe zako, uzichukue palepale kabla hajapanda boda. Na asiposti chochote Instagram mpaka maharusi wapate zao. Ah, na chakula jamani, ongea na kamati apate sahani yake, mtu hapigi picha vizuri na njaa.