Namna ya kupima wanachodhani vijana kuhusu unywaji wa wenzao kabla ya kuandaa ujumbe wa afya

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maafisa afya, walimu na watendaji wa asasi wanaofanya kazi na vijana mkoani Kigoma, kuanzia mitaa ya Ujiji na Mwanga hadi vijiji vya Kasulu na Buhigwe, ambao wametakiwa kuandaa kampeni kuhusu unywaji wa pombe na ambao, kama ilivyozoeleka, wanataka kuanza na bango. Ninawasihi wasianze na bango. Kabla ya kuwaambia vijana lolote, ni lazima kujua mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: vijana wenyewe wanakunywa kiasi gani, na wanadhani wenzao wanakunywa kiasi gani. Ujumbe hupatikana katika tofauti iliyopo kati ya majibu hayo mawili, na pale ambapo tofauti haipo, njia hii ya kuwaeleza vijana ukweli kuhusu wenzao haifai kutumika.

Mwaka 1986, watafiti H. Wesley Perkins na Alan Berkowitz walichapisha matokeo kutoka chuo kidogo katika jimbo la New York nchini Marekani, wakionyesha kwamba wanafunzi waliwadhania wenzao kuwa na msimamo legevu kuhusu pombe kuliko uhalisia. Sababu yake si ngumu kuielewa: kijana aliyelewa huonekana na husimuliwa, lakini aliyerudi nyumbani mapema hana anayemsimulia. Asiyependa kunywa akiamini kwamba yuko peke yake, hunyamaza au hunywa ili asitengwe, na ukimya wake huwafanya wengine wenye mawazo kama yake nao waamini kwamba wako peke yao. Ndiyo maana malalamiko ya majukwaani kwamba vijana wote wamemalizwa na gongo yanaweza kuongeza tatizo, kwa kuwa humtangazia kijana kwamba kunywa ndiyo kawaida ya rika lake.

Anza kwa kuchagua kundi dogo linalojitambua kama kundi. Neno "vijana wa Kigoma" ni pana mno, kwa sababu mvuvi wa mwalo wa Kibirizi hajilinganishi na mwanafunzi wa sekondari wa Kasulu, bali hujilinganisha na wenzake wa mtumbwini. Uchunguzi wa vijana wa miaka 15 hadi 24 uliofanyika Mwanza na Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2015, ulifanya jambo hilo vizuri kwa kuwatenganisha wanafunzi wa sekondari, wanafunzi wa vyuo, wafanyakazi wa viwandani na vibarua. Kwetu makundi yanaweza kuwa wavuvi wa mwalo mmoja, waendesha bodaboda wa kijiwe kimoja, au kidato fulani katika shule fulani. Wasichana wawe na hesabu yao, kwa kuwa anachotarajiwa msichana kuhusu pombe ni tofauti kabisa na anachotarajiwa mvulana.

Ukiwahoji wavuvi, zingatia mwezi wa angani. Uvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hutegemea taa na giza, hivyo siku za mbalamwezi kali wavuvi wengi hubaki nchi kavu. Anayeulizwa kuhusu siku 7 zilizopita wakati wa mbalamwezi atakuwa anaeleza maisha tofauti na ya yule aliyeulizwa wakati wa giza, na mtafiti asiyelijua hilo anaweza kudhani ameona mabadiliko ya tabia kumbe ameona kalenda ya ziwa. Uliza kuhusu siku 30 zilizopita, ili mzunguko mzima uingie, na uandike tarehe ya kila mahojiano.

Dodoso liwe na sehemu tatu. Ya kwanza inahusu mwenendo wa mhojiwa mwenyewe: alikunywa siku ngapi, na kiasi gani kwa siku. Ya pili inahusu dhana yake juu ya wenzake, na hapa punje za mahindi husaidia kuliko asilimia. Mpe mhojiwa punje 10, umwambie kwamba ni vijana 10 wa rika na jinsia yake kwenye mwalo huo, kisha atenge wale anaodhani walikunywa ndani ya siku 30. Ya tatu inahusu kukubalika, jambo ambalo si sawa na mazoea: yeye binafsi anamwonaje mwenzake anayekataa glasi, na anadhani ni wangapi kati ya wale 10 wangemdharau mtu huyo. Mara nyingi sehemu hii ya tatu ndiyo yenye utajiri zaidi, kwa hiyo usiifupishe kwa ajili ya kuokoa muda. Nusu ya madodoso yaanze na maswali ya mwenendo na nusu nyingine yaanze na maswali ya dhana, kwa sababu swali linalotangulia linaweza kuelekeza majibu yanayofuata. Kwa Kasulu na Buhigwe andaa pia dodoso la Kiha, kisha mtu mwingine asiyeona nakala ya kwanza alirudishe kwa Kiswahili, ndipo mlinganishe.

Kuhusu kiasi, AUDIT, yaani dodoso la Shirika la Afya Duniani la kuchunguza unywaji wenye madhara, lenye maswali 10, huhesabu kipimo kimoja kuwa gramu 10 za kilevi, na chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 inakaribia vipimo viwili. Gongo haina nguvu moja, na urwarwa, yaani pombe ya ndizi, hutofautiana kwa kila mpishi, kwa hiyo andika chombo kilichotumika na idadi yake bila kujidai usahihi usiokuwepo.

Usiri ni suala zito. Ujijini, ambako Waislamu ni wengi, kijana anaweza kukana unywaji wake kwa sababu ya dini, na kutengeneza gongo ni kosa la jinai, hivyo usiandike kamwe jina la muuzaji wala mahali anapouzia. Mhojiwa ajaze mwenyewe karatasi isiyo na jina na kuitumbukiza kwenye sanduku lililofungwa. Pata kibali cha maadili ya utafiti na barua za mkoa na halmashauri, na kwa walio chini ya miaka 18 omba ridhaa ya mzazi pamoja na ya kijana mwenyewe.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba wavuvi 130 kati ya 200 hawakunywa ndani ya siku 30, ilhali jibu la katikati la punje lilikuwa wanywaji 7 kati ya 10. Hapo una ujumbe: "Vijana wengi wa mwalo huu, 65 kati ya kila 100, hawakugusa pombe mwezi uliopita. Wenyewe ndio waliojibu." Taja hesabu ilikotoka, kwa sababu wengi hawataamini mara ya kwanza, na mweke mvuvi mwenzao aseme badala ya kiongozi. Usitangaze wastani wa glasi. Mwaka 2007 watafiti wa California walionyesha kwamba kaya zilizokuwa chini ya wastani wa matumizi ya umeme ziliongeza matumizi baada ya kuambiwa wastani wenyewe, na ongezeko hilo lilizuilika pale zilipopewa pia alama ya kupongezwa. Vivyo hivyo, asiyekunywa kabisa akisikia kwamba wenzake huishia glasi mbili anaweza kujiona ana ruhusa ya mbili. Ongeza pongezi au kauli ya kukubalika, na shuleni baki na idadi ya wasiokunywa tu.

Wafadhili waelezwe ukweli kuhusu nguvu ya njia hii. Tathmini ya vyuo vya Marekani iliyochapishwa mwaka 2003 haikuona unywaji ukipungua katika vyuo vilivyoitumia, na mapitio mapana ya tafiti za wanafunzi ya mwaka 2015 yalikuta matokeo madogo mno. Bei, saa za kufungua baa na utekelezaji wa sheria inayokataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 vina uzito wake, kama ilivyoonekana serikali ilipoamua kupiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vidogo, kuanzia Machi 2017 badala ya kutegemea mahubiri.

Baada ya mwaka mmoja pima tena kwa dodoso lilelile, katika hali ileile ya mwezi, na upime pia mwalo mwingine ambao haukupata ujumbe. Ukikuta dhana zimebadilika lakini unywaji haujabadilika, andika hivyo katika ripoti na uipeleke kwa halmashauri bila kupunguza neno, kisha rudi mwaloni uwasomee waliojaza karatasi.