Pawatila iliyolala miaka: ikague kwanza, hendeli baadaye

Baada ya tamko la serikali la Kilimo Kwanza mwaka 2009, pawatila, yaani trekta ndogo za magurudumu mawili zinazoongozwa kwa mikono, zilisambaa sana vijijini kwetu Tanzania. Nyingine zilikuja kupitia halmashauri, nyingine vikundi vya wakulima vilijinunulia. Kwenye majaruba ya mpunga ya Usangu na Kilombero zilifaa, maana huko udongo uliolowa huchavangwa kwa wepesi. Zilizopelekwa kwenye ardhi kavu na ngumu zilichoka mapema. Leo nyuma ya maghala na ofisi za vijiji utaziona zimeegeshwa, matairi yamelala, majani yameota katikati ya visu.

Nyingi ya zile ninazokagua bado zinafaa kabisa. Injini zake ni za dizeli, silinda moja, chuma kizito, na hazina umeme wa kusumbua. Kinachoniuma ni kwamba mashine iliyovumilia miaka ya kukaa bure huharibiwa siku ile ile ya kuwashwa. Vijana wanakusanyika, mmoja anamimina dizeli, mwingine anapiga hendeli ya kuwashia kwa nguvu zote, na kabla ya jioni pistoni imekwaruza silinda.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza. Mtafute aliyekuwa akiiendesha, umuulize iliachwa kwa sababu gani. Kama iliegeshwa kwa kukosa mikanda au kwa ugomvi wa kikundi, una bahati. Kama iliegeshwa baada ya kuchemsha sana, au ilikuwa ikitoa moshi wa bluu na kumaliza oili, jiandae kufungua silinda kabla ya kufikiria kuiwasha. Kazi hii ifanyike miezi miwili au zaidi kabla ya mvua, ili kipuri kikikosekana usijikute unahangaika wakati wenzako wanalima.

Izungushe kwa mkono

Fungua chujio la hewa na bomba la moshi utazame ndani. Panya hupenda kujenga humo, na nyigu huziba kila tundu kwa udongo. Kisha fungua kifuniko cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Ukiiona hivyo, tafuta maji yalipitia wapi, kwani mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi au mvua iliyoingia kupitia ekzosi isiyofunikwa.

Sasa shika kile kiwiko cha kuachia kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la ubavuni mwa injini, polepole kwa mkono. Ikizunguka, vizuri. Ikigoma, acha hapo hapo. Usiivute kwa trekta nyingine, usiigonge kwa nyundo. Ringi zimeshikana na silinda kwa kutu, na kutu huachia kwa subira. Toa nozeli, ile inayonyunyizia dizeli ndani ya silinda, mimina kupitia tundu lake mchanganyiko wa dizeli na oili safi, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, uiache siku kadhaa. Kila siku jaribu kuisukuma flaiwili mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikianza kucheza hata kwa upana wa kidole, endelea hivyo hivyo mpaka izunguke yote.

Ikiachia, yapo mambo mawili ambayo watu husahau. Kabla ya kurudisha nozeli, zungusha injini mara nyingi tundu likiwa wazi, nawe ukae pembeni, ili mafuta yote yaliyobaki juu ya pistoni yatoke. Majimaji hayabanwi kama hewa. Yakibaki humo na tundu likafungwa, mkono wa pistoni unaweza kupinda. Jambo la pili, sehemu ya ile dizeli imepenya kwenye ringi na kushuka kwenye oili, ikaifanya nyepesi. Mwaga oili yote, weka mpya ya gredi iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini.

Dizeli na gavana

Dizeli ya zamani usiichuje ukaitumia tena. Chini ya tanki hukusanyika maji na utelezi mweusi unaoziba filta. Shusha tanki, lioshe kwa dizeli safi, badilisha filta na mpira wa mafuta. Halafu toa upepo: legeza skrubu ya kwenye filta, kisha ile ya kwenye pampu ya nozeli, mpaka dizeli itoke bila mapovu. Legeza pia nati ya bomba la chuma linalokwenda kwenye nozeli, zungusha injini mpaka dizeli itokeze hapo, kaza. Ukizungusha tena taratibu, nozeli iliyo nzima hutoa mlio mkavu wa kukoroma kila inapopiga. Ikiwa kimya, imeziba au imekwama; ipeleke kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia. Usiweke kamwe kiganja mbele ya nozeli inayopiga. Dizeli yenye shinikizo lile hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano linaweza kukupotezea mkono.

Sasa nakuomba utulie kwenye gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Mashine ikikaa muda mrefu, kile kipande ndani ya pampu kinachopunguza na kuongeza dizeli huganda. Kikiganda kikiwa wazi, injini ikiwaka itapanda mwendo bila kukoma, na kushusha mafuta kwa mkono hakutasaidia chochote. Kwenye injini nyingi za Kichina zenye silinda iliyolazwa, kama S195, kuna dirisha dogo karibu na pampu. Lifungue. Utaona kimkono chenye kichwa cha mviringo kilichokaa ndani ya uma wa gavana. Kisukume kwa kidole: lazima kiteleze chote, kwenda na kurudi, bila kukwama. Kama pampu iliwahi kufunguliwa, hakikisha kichwa hicho kimo ndani ya uma. Kikiwa nje, gavana haiishiki pampu kabisa.

Hata ukiridhika, usiwashe bila kuweka karibu kipande cha ubao kinachotosha kuziba njia ya hewa, na spana ya ile nati ya bomba la nozeli. Injini ikikimbia, ziba hewa kwa ubao au legeza nati, ukiwa umesimama mbali na usawa wa flaiwili. Usizibe kwa kiganja.

Siku ya kuwasha

Jaza maji masafi, ya mvua ukiyapata. Maji ya chumvi huacha magadi ndani. Weka oili kwenye bakuli la chujio la hewa mpaka kwenye alama. Toa mikanda ili injini ianze bila mzigo. Zungusha hendeli kiwiko cha kompresheni kikiwa kimeshikwa, mafuta yakiwa yamefungwa, mpaka oili ipande. Injini nyingi za aina hii zina kiashirio chekundu kinachoinuka. Ndipo ufungue mafuta. Unaposhika hendeli, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, na usiachie hendeli injini inapopokea.

Iendeshe mwendo wa chini dakika kumi hivi. Moshi mweupe mwanzoni ni kawaida; ukiendelea baada ya injini kupata joto, angalia nozeli na maji. Kwa injini ya tanki la maji la wazi, mvuke kutoka si hitilafu, ndivyo inavyojipoza, lakini ongeza maji mapema. Yenye rejeta usifungue kifuniko ikiwa moto. Baada ya saa chache za kwanza za kazi badilisha oili tena, maana kutu na uchafu wote umeshuka huko.

Kabla ya shamba, badilisha oili ya giaboksi, nunua mikanda yote kwa pamoja ili ivute sawa, na kagua klachi za kugeuzia kushoto na kulia, kwani hukwama kwa kutu. Mweleze pia dereva mgeni jambo hili: kwenye mteremko, tela likisukuma, ukibana klachi ya kushoto pawatila inaweza kwenda kulia. Ashuke kwa gia ndogo, apunguze mafuta, ageuze kwa mikono.

Ukikuta bloku imepasuka, au pampu na silinda vyote vimekwisha, linganisha gharama na bei ya injini kamili. Injini hizi hufungwa kwa bolti chache tu, na fremu, giaboksi na rotaveta (sehemu ya visu vya kulimia) vikiwa vizima vinaweza kubeba injini nyingine ya ukubwa ule ule. Nenda dukani na kipuri cha zamani mkononi pamoja na namba iliyo kwenye kibao cha injini, upime nafasi za bolti na upana wa puli kabla ya kutoa pesa.