Mzee mwenye kisukari: mambo ya kupanga kabla dawa na unga havijaisha

Kama mzee wako ana kisukari na anategemea watoto au ruzuku ya TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), haya yapangeni sasa, msingoje azidiwe.

Kitambulisho cha msamaha kwanza. Kwa sera ya Tanzania, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Anzieni serikali ya mtaa, muulizie na afisa ustawi wa jamii, na mfuatilie angali mzima.

Wekeni akiba ya duka la dawa. Dirisha la wazee likiishiwa mtaambiwa mkanunue nje, na huko msamaha haufiki. Hela ikipungua, mwambieni daktari awaandikie ya bei nafuu. Kukata vidonge nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi, marufuku.

Chakula ndicho kinachosahaulika. Bibi mmoja jirani yetu alikuwa na dawa za kutosha, wanawe walimnunulia. Kilichoisha ni unga. Hakutaka kusumbua mtu, akameza kidonge chake cha jioni, akanywa chai kavu, akalala. Alfajiri tukasikia anaropoka. Shuka limelowa jasho, mikono inatetemeka, hamtambui hata mjukuu anayelala naye. Huyu anasema malaria imepanda kichwani, yule anataka shehe aitwe. Muuguzi wa mtaani ndiye aliyempima: sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Bahati alikuwa bado anaweza kumeza, akanyweshwa maji ya sukari, fahamu zikarudi, akakimbizwa hospitali. Angalieni boksi la dawa: glibenclamide, kidonge cha kisukari, kama ilivyo insulini, hushusha sukari hata kama mtu hajala, na figo zikichoka dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukituma ya dawa, tuma na ya unga. Muulizeni daktari mapema: siku asipokula, dozi aifanyeje? Na aliyepoteza fahamu msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Mkienda kumsalimia, acheni soda na kilo tano za mchele. Pelekeni dona, maharage, dagaa. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, lakini isigande. Miguu ikaguliwe kila jioni, kidonda kidogo msikidharau. Mitishamba asichanganye na dawa kimyakimya. Na wapangaji wenzake wajue ana kisukari, hasa wa chumba cha pili.